Timazi

Baba alikata mawe timboni Msabaha
miaka thelathini na mmoja, kwa shoka na tindo.
Kila jiwe alilipima inchi tisa kwa tisa,
lililopungua unene wa ukucha alilitupa.
"Nyumba haijui huruma," alisema. "Inajua timazi."

Jumapili alivaa koti la kijivu
akasimama mlangoni pa kanisa letu la mabati, Maweni,
na daftari la kurasa mia mbili:
nani kaja, nani kachelewa,
zaka ya nani haikufika fungu la kumi,
nani kaonwa kwenye ngoma ya matanga kule Ganda
akitingisha bega.
Wino mwekundu kwa wakosaji.
Dawa ya deni kulipa,
na Mungu, kwa jinsi alivyomjua, hakuwa na chenji.

Mimi Nyevu, bintiye, niliandikwa kwa wino huo
siku tumbo lilipokataa kufichwa na leso.
Benchi la nyuma, miezi sita, bila meza ya Bwana.
Miezi sita ikawa miaka minne,
maana toba yangu, walisema wazee, ilikosa machozi.
Nilikuwa nimekwisha kulia, basi.
Nilikuwa nanyonyesha.

Kikombe kilipita nikikitazama
kama mwenye kiu atazamavyo mfereji wa jirani.
Mwanangu Thoya akanyoosha mkono, mtoto hajui.
Baba akainua sinia juu zaidi.

Mwaka juzi mshipa ulipasuka kichwani mwake.
Upande wa kulia ukawa jiwe,
na mkono ule wa kalamu.
Kaka zangu walituma pesa kutoka Mombasa.
Mimi nilituma miguu.

Nikitafuta kadi ya hospitali chini ya godoro
nikakuta daftari jingine, dogo,
jalada limeliwa na mende.
Jina moja tu, mwanzo hadi mwisho: Chengo wa Mramba.
Wino mwekundu.
*Nimedanganya bei ya lori la mawe.*
*Nimemtamani mke wa fundi.*
*Nimemkasirikia Nyevu. Nimemkumbuka Nyevu. Sijui lipi ni dhambi.*
Na chini ya kila Jumapili ya meza, miaka kumi na tisa:
*Nimegawa. Sikunywa.*

Nilikaa sakafuni.
Kumbe bawabu naye alikuwa nje, kwenye mvua ile ile.

Sisemi sheria ni mbaya. Timazi haisemi uongo,
inakuonyesha ukuta ulivyopinda.
Lakini timazi gani imewahi kunyoosha ukuta?

Na wewe baba, uliyepasua mawe umri wako wote,
hukuona ndani yake? Vile vitundu,
vile vikonokono, mistari kama ya kiganja?
Jiwe letu hili lilikuwa hai. Lilikula, lilizaa,
lilipumua chumvi kabla bahari haijasogea.
Aliyeandika kwanza juu ya jiwe
hakuwa mgeni wa nyama.
Alirudi kuandika pale jiwe lilipotoka.

Mchungaji hakuja. Nani alete kikombe
kwa mgonjwa anayeuguzwa na mtengwa?
Nikachukua mahamri ya jana, tena yana hamira,
na ukwaju ndani ya kikombe cha Thoya chenye picha ya bata.
"Baba," nikasema, "hiki si changu kukupa.
Wala si chako kukataa."
Mdomo uliopinda ukatafuta jibu, kifungu fulani, kanuni.
Ukwaju ukamtiririka shingoni,
nikaufuta kwa leso, ile niliyofichia tumbo.

Akanywa.

Kisha mkono wa kushoto, usiojua kuandika,
ukaokota kipande kilichobaki,
ukakileta mdomoni kwangu, ukakosa,
ukagonga shavu,
ukatafuta tena.

Thoya alikuwa keshakula makombo.
Hakumwuliza mtu.